Mkono Tunduni: Miaka Yangu kwenye Meza za Ndosho

Gloire na Divine,

Siku niliyowaachia funguo mliniuliza mlangoni ni nini kinafanya nyumba ya michezo iwe nzuri. Nikajibu, "Viti," nikapanda pikipiki nyuma ya motari, nikaenda zangu. Mlicheka, mkadhani mama amechoka anatania. Sikutania hata kidogo. Mtu akikaa vibaya anacheza vibaya, akicheza vibaya anashindwa, na akishindwa atalaumu mbegu kwanza, kisha ubao, mwishowe mwenye nyumba. Lakini nakubali jibu lilikuwa fupi mno kwa miaka yote ile. Sasa niko nyumbani, tangu asubuhi sina kazi ila kugombana na kuku, kwa hiyo nimechukua kaye na biki, nawaandikia.

Habari za faida hamtazikuta humu. Hizo mnazijua, na zinachosha. Nitawaambia nilivyoanza na nani alinifundisha, halafu nitawaambia kosa nililomfanyia Muzee Bahati. Mlipokuja mlikuta meza ya kitenge iko pale, mkafikiri ilizaliwa na nyumba. Haikuzaliwa na nyumba. Ilitokana na kosa langu, ambalo kidogo tu lingemnyima yule muzee kitu kimoja alichokuwa amebaki nacho.

Mimi sikuanza kama mtu wa michezo. Nilikuwa nauza vitenge pale pale Ndosho, butiki yenye mlango mmoja, na mbele ya ule mlango wanaume walikuwa wanakaa juu ya mawe kucheza dame kwa vifuniko vya soda juu ya kipande cha karatoni. Wamama wakitaka kuingia kuangalia vitenge walipaswa kuruka miguu ya watu. Niliwafukuza kwa maneno, wakarudi. Nikamwaga maji, wakangoja mawe yakauke. Mwishoni nikafanya kitu cha mtu aliyeshindwa: nikatoa meza yangu ya kukatia vitambaa, nikaiweka ndani kwenye kona, nikawaambia wachezee pale, mlango ubaki wazi. Hesabu yangu ilikuwa kwamba wataona aibu kukaa katikati ya nguo za wanawake. Wapi. Kufika mwisho wa mwaka meza zilikuwa tatu na vitenge vimebaki rafu moja.

Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa Papa Kambale, fundi wa mbao, karakana yake avenue mbili kutoka kwangu. Nilikwenda kwake kuagiza ubao wa igisoro, bao la mbegu la kwetu, kwa sababu watu wa Rutshuru na Masisi walikuwa wanauliza kila siku. Nilifikiri ni kazi rahisi: safu nne, matundu manane kila safu, unatoboa, basi. Papa Kambale akaniangalia kama mtu aliyeagiza jeneza bila kusema urefu wa maiti.

"Nani atacheza?" akauliza.

"Watu wote."

"Mama Mapendo, watu wote habana mukono moja. Kama tundu ni finyu, muzee mwenye vidole vikubwa atamwaga mbegu, watasema ameiba. Kama chini iko bapa, mbegu zinakimbia pembeni. Inapaswa iwe mviringo, mbegu irudi katikati yenyewe."

Alinifanya nikae karakanani siku nzima nikipitisha kidole ndani ya kila tundu, thelathini na mawili, nikimwambia wapi panakwaruza. Saa kumi kidole changu kilikuwa chekundu, na nilikuwa nimejifunza kazi yangu zaidi ya nilivyojifunza katika mwaka mzima uliotangulia. Ndiye aliyenifundisha pia habari ya miguu ya meza. Sakafu yetu ni mawe ya volkano, hakuna penye usawa, kwa hiyo kila meza alikuja kuikata miguu yake pale pale itakaposimama. Ndiyo sababu nawaambia msizihamishe. Nilimwona Divine wiki ya mwisho akiisukuma meza ya pili karibu na dirisha ili pawe pazuri. Pazuri, ndiyo, lakini sasa inacheza yenyewe kabla ya watu kuanza.

Makosa nilifanya mengi, na mengine ni ya kuchekesha. Mbegu zile nyeusi za msituni zilipoanza kupotea, nikaona ujanja: mji wote umejengwa juu ya mawe ya volkano, kwa nini nisumbuke na mbegu? Nikaokota vijiwe vidogo barabarani, nikaviosha, nikavijaza kwenye mbao zote. Watu wakasifu. Miezi mitatu baadaye matundu yalikuwa yamechimbika, vidole vya wachezaji vimechubuka, na vumbi jeusi likaelea ndani ya chai. Papa Kambale akaingia siku moja kunisalimia, akaweka kidole kwenye tundu, akakitoa, akakiangalia. Akabana ubao wake kwapani na kuondoka nao, na kwa wiki mbili akawa hanisalimii hata kanisani. Tangu siku ile nina kopo la mbegu za akiba chini ya meza ya kwanza, na mnalijua. Lijazeni kila mara.

Baadaye njia ya Bunagana, ya mpakani, ilipokuwa nyepesi, ndipo ilianza kuingia ile michezo ya masanduku, yenye ramani, karata na dadu za nyuso nyingi, na ndiyo iliwaleta ninyi. Mtu wa forodha alinishikilia nusu siku kwa sababu ya dadu moja yenye nyuso ishirini. Alitaka nimweleze inatumika kwa nini, na mimi mwenyewe nilikuwa sijui. Nilipowaona ninyi mkipaka rangi vile viaskari vidogo vya plastiki, nakiri sikupenda. Nilisema mji huu una askari wa kutosha. Gloire akanunua rangi ya kahawia akanitengenezea ng'ombe. Ng'ombe yule niko naye hapa dirishani.

Lakini Muzee Bahati alikuja kabla yenu, miaka ile watu wa Masisi waliposhuka wengi kukimbia vita. Alikuwa mfugaji huko milimani, na sasa alikuwa anakaa kwa binti yake upande wa Lac Vert, bila ng'ombe, bila mlima, bila rafiki wa rika lake. Siku ya kwanza alisimama mlangoni na fimbo yake, hakuingia.

"Mama, hapa njo banachezaka igisoro? Nimesikia mbegu."

Nikamwambia karibu. Akatembea taratibu, akashika mgongo wa kiti cha karibu, akakaa. Hicho kikawa kiti chake, meza ya tatu, mgongo kwa ukuta. Akacheza na vijana wanne mfululizo, akawala wote, huku akiimba kwa pua wimbo usioisha ambao uliwakera kuliko kushindwa kwenyewe. Alikuwa muzee mwenye maneno makali. Mtu akifikiri muda mrefu, alisema, "Cheza, mvua itatukuta." Mtu akicheza haraka, alisema, "Uko na haraka ya kwenda kushindwa wapi?" Nilimpenda kuanzia saa ile ile.

Ndiye aliyenifundisha kucheza kweli. Kwenu mnaocheza masanduku nieleze kidogo: unachota mbegu za tundu moja, unazipanda moja moja kuzunguka safu zako mbili, na ya mwisho ikiangukia tundu la mbele lenye wenzake, na matundu mawili ya mpinzani yanayolitazama yana mbegu, zote ni zako, unazipanda tena. Asiyebaki na tundu lenye mbegu mbili hana cha kuchota, amekwisha. Muzee aliziita ng'ombe. Mimi nilikuwa nahesabu kwa kunyoosha kidole, moja, mbili, tatu, na yeye alinipiga kidogo mkononi.

"Mufugaji hahesabuke ng'ombe na kidole. Anajua tu kama moja haiko."

Pia ndiye aliyetuletea desturi ya kutaja kwenu. Mtu wa Rutshuru ana namna yake ya kurudi nyuma na mbegu, mtu wa Masisi ana yake, na kabla ya yeye kuja tulikuwa tunagombana katikati ya mchezo. Muzee Bahati alikuwa anauliza kwanza, "Kwenu munachezaka namna gani?" Mnataja, mnakubaliana, ndipo mbegu inatembea. Dawa ya nusu ya ugomvi iko kwenye swali hilo moja. Ningekuwa mwanafunzi mzuri ningelielewa mapema.

Mpinzani wake alikuwa Mwalimu Dieudonné, aliyefundisha hesabu miaka mingi kabla ya kupata pensheni, mtu wa miwani minene na shati lililopigwa pasi hata siku ya vumbi. Ninyi mnamjua sasa amekuwa mpole. Wakati ule hakuwa mpole. Walikuwa wanacheza kila Jumamosi asubuhi, na watu walisimama kuangalia. Muzee alishinda mara nyingi kuliko yeye, na Mwalimu alikuwa anaandika matokeo yote nyuma ya daftari.

Kidogo kidogo Muzee akaanza tabia mpya. Kabla ya kucheza alikuwa anapitisha vidole ndani ya matundu, moja baada ya lingine, ya kwake na ya Mwalimu. Mwanzoni mawili matatu. Baada ya miezi, karibu yote. Mwalimu akavumilia, akavumilia, siku moja akaweka miwani mezani.

"Non, mama. Uyu muzee anagusa-gusa sana. Mutu anaingiza mukono tundu kumi mbele ya kucheza, tutajuaje hakuchukua moja?"

"Unasema ninaiba?" Muzee aliuliza polepole.

"Sikusema unaiba. Ninasema hakuna kanuni."

Nilihesabu mbegu mbele ya wote, zilikuwa sitini na nne, zote. Muzee alikuwa hajaiba kitu. Lakini juma lile nilikuwa nimeamulia ugomvi mara tatu kwenye meza nyingine, nilikuwa nimechoka, na neno la kanuni likanipendeza. Nikaona nyumba nzuri ni nyumba yenye kanuni zilizoandikwa. Nikampa Mwalimu kibao na rangi nyeupe, akaandika kwa mwandiko wake wa ubaoni sheria tano, nikazipigilia ukutani. Ya nne ilisema: Mkono ukiingia tundu, umecheza. Nilirudi nyuma hatua mbili kuangalia. Nilijiona mtu mkubwa sana.

Jumamosi iliyofuata Muzee Bahati aliambiwa sheria ile na Mwalimu, kwa heshima, lazima niseme. Akaitikia kwa kichwa, akakaa. Akaanza mchezo mkono wake ukiwa juu ya ubao, umesimama hewani, hautui. Hakuimba. Alichota tundu lenye mbegu moja, jambo ambalo hata mtoto halifanyi, Mwalimu akamsahihisha. Akachota lingine, vibaya. Mchezo haukuchukua hata muda wa chai kupoa. Akasimama, akasema, "Aksanti, batu ya Mungu," akashika ukuta mpaka mlangoni, akaita motari. Mimi nilijisemea moyoni, angalieni bingwa anavyokasirika akishindwa.

Jumamosi ya pili hakuja. Ya tatu hakuja. Mwalimu alikuwa anakaa meza ya tatu peke yake anapanga mbegu na kuzipangua, anakataa kucheza na wengine, na akiulizwa anasema anamngoja mtu.

Binti yake Muzee, Mama Riziki, nilikuwa namwona kanisani. Baada ya misa nikamfuata uani, nikamuuliza papa anaendeleaje, ni hasira hii mpaka lini? Aliangalia kama kuna mtu karibu.

"Mama Mapendo, si hasira. Macho yake imeisha."

"Haone?"

"Anaonaka mwanga wa mulango tu. Ilianza zamani, ikaenda ikipungua. Alikuwa anachezaka na vidole."

"Juu ya nini hakusema?"

"Anasema mutu akijua, atamuachilia ashinde. Anasema afazali akose muchezo kuliko kupewa muchezo kama sadaka. Na weye usimuambie nimekuambia, ataniua."

Nilirudi nyumbani kwa mguu, sikutafuta motari. Mambo yote yalinijia njiani. Kiti kile kile kila siku. Namna ambavyo hakumwita mtu jina mpaka mtu aseme neno. Namna alivyoweka ncha ya kidole ukingoni mwa kikombe nilipommiminia chai. Mimi niliyejisifu kwamba nawajua wachezaji wangu kwa nyayo, nilikuwa nimekaa na kipofu meza moja, nikamwandikia sheria ya kumfunga mikono, na sikujua. Niliona aibu ambayo mpaka leo nikiikumbuka napata joto usoni.

Siku ya pili nikaenda Lac Vert. Nilimkuta amekaa nje anachambua maharagwe, vidole vinatupa mabovu upande mmoja bila kukosea.

"Hiyo viatu ni ya Mama Mapendo," akasema kabla sijapiga hodi.

"Ni mimi, muzee. Meza yako inakuuliza."

"Iambie niko na kazi. Haya maharagwe ni mengi."

Nikakaa karibu naye, nikachambua pia, nikatafuta njia ya kusema bila kumsaliti binti yake. Mwishowe nikasema kwamba nimefikiri, ile sheria ya nne haina faida, nitaifuta.

Vidole vyake vikasimama. "Unaifuta juu ya nani?"

Nikatupa harage zima upande wa mabovu.

"Ukiifuta, Mwalimu atauliza juu ya nini. Batu bote batauliza. Kisha batajua. Iache pale, mama. Mimi nilicheza sana, nilishiba."

Alisema nilishiba kama anavyosema mtu aliyeondolewa sahani kabla ya kumaliza. Nikaaga. Nilikuwa nimeelewa kinachotakiwa, na kilikuwa kigumu: arudi mezani, acheze kwa vidole vyake, ashinde au ashindwe kwa haki, na asiwepo mtu hata mmoja wa kumhurumia. Na muda haukuwa mrefu. Mama Riziki aliniambia papa ameanza kulala mchana na kuacha chakula.

Nyumbani nikaweka ubao mezani, nikafumba macho, nikajaribu kucheza na dada yangu. Hatua tatu nikapotea kabisa. Nikajaribu tena. Siku ya nne nikaanza kusikia kitu: mbegu ikianguka kwenye tundu tupu inalia namna moja, ikianguka juu ya wenzake inalia namna nyingine. Siku ya saba sikuwa tena nafanya mazoezi kwa ajili ya Muzee. Nilikuwa nacheza kwa sababu ulikuwa mchezo mtamu, mgumu, usiofanana na ule wa macho. Hapo ndipo nilijua nimepata.

Nikachukua kitenge kipana kwenye ile rafu yangu ya zamani, nikakitandika juu ya ubao wa meza ya tatu, nikatangaza kwamba meza ile kuanzia leo inachezwa chini ya kitenge, mikono ndani, macho nje. Sheria yake ni moja: kidole kimoja kinauliza, mkono mzima unacheza. Gusa tundu lolote kwa kidole kimoja utakavyo, lakini ukichota, umecheza. Kibao cha ukutani nikakiacha, kwa meza nyingine.

Mwalimu alikuwa wa kwanza kupinga. "Mama, hii ni muchezo ya batoto. Na chini ya kitambaa mutu akiiba?"

"Utasikia," nikamwambia.

"Nitasikia nini?"

"Kaa, mwalimu. Ingiza mikono."

Nilimshinda. Mimi, ambaye sikuwahi kumshinda tangu tujuane. Akaomba tena, nikamshinda tena. Siku ya pili alikuja mapema kuliko mimi. Baada ya wiki mbili watu walikuwa wanapanga mstari kwa meza ya tatu, wengine wamefumba macho kabisa, wengine wameangalia juu kama wanasali, na chumba kimenyamaza ili wasikie mbegu. Hakuna aliyeuliza ni kwa ajili ya nani. Motari wetu walibeba habari mpaka Sake kwamba kwa Mama Mapendo watu wanacheza gizani mchana.

Jumamosi moja asubuhi nikasikia fimbo mlangoni. Nilikuwa na birika mkononi, nikaliweka chini kwa kuogopa kuliangusha.

"Nasikia mumevalisha ubao nguo," Muzee Bahati akasema. "Nimekuya kuona iyo ujinga."

Aliyekuwa kwenye kiti chake akaondoka bila kuambiwa. Mwalimu alikuwa upande wa pili. Akamweleza sheria, kidole kinauliza, mkono unacheza, akimweleza taratibu kama kwa mtu mgeni kabisa, na akamtahadharisha kwamba ni vigumu mwanzoni, asivunjike moyo. Muzee akasema atajaribu. Wakataja kwao, wakakubaliana namna ya kurudi nyuma. Mikono ikaingia.

Sijui niwaambieje. Chini ya kile kitenge mtu angedhani kuna panya wawili upande mmoja, wepesi, na upande mwingine kuku anayetafuta yai. Muzee hakugusa hata nusu ya matundu. Alikuwa anasikiliza mbegu za Mwalimu zinavyoanguka, na zamu yake ikifika mkono ulikwenda moja kwa moja. Katikati ya mchezo wa kwanza akaanza kuimba kwa pua. Nilijificha nyuma ya rafu kidogo, nikafuta machozi na kona ya kitenge ambacho bado kilikuwa cha kuuzwa.

Alishinda wa kwanza. Wa pili Mwalimu alipigana vizuri sana, jasho likimtoka, hakuachia hata mbegu moja, akashindwa kwa tofauti ndogo. Wa tatu ulikuwa mfupi, Muzee akashinda tena. Watu walikuwa wamesimama mpaka mlangoni. Mwalimu akatoa mikono, akavua miwani, akacheka kicheko cha mtu aliyepigwa vizuri.

"Muzee, sema kweli. Unaonaka kupitia kitenge?"

"Hapana," Muzee Bahati akasema. "Hata mukiitoa, sione."

Wengine walianza kucheka, wakafikiri ni maneno yake ya kawaida. Kisha wakaacha, mmoja mmoja. Mwalimu hakucheka. Nilimwona uso ukibadilika, nikajua anapita njia ile niliyopita mimi kutoka kanisani.

"Tangu siku gani?" akauliza.

"Siku ulisema hakuna kanuni, nilikuwa ninaonaka kivuli yako. Sasa hata kivuli, bure."

"Na hukusema."

"Nikisema, ungepigana na mimi kweli vile umepigana leo? Ule muchezo wa pili, nilitoka jasho."

Mwalimu akainuka akashika mkono wa Muzee kwa mikono yake miwili, juu ya kitenge, akasema tu, "Pardon, papa." Alikuwa hajawahi kumwita papa.

"Bon," Muzee akasema, akiuvuta mkono wake kwa sababu hakupenda kushikwa sana. Kisha akageuza kichwa kuelekea nilipokuwa, nyuma ya rafu, ingawa sikuwa nimesema neno. "Mama Mapendo. Ile kibao ya ukutani, banaiongeleaka tu, mimi sijaisoma hata siku moja. Nisomee."

Nikatoka. Nikasimama mbele ya kibao nikasoma kwa sauti: hakuna kucheza ya pesa, anayetazama hasemi, kila mtu anataja kwao kabla ya kuanza. Nikafika ya nne, macho yakaruka yenyewe, nikasoma ya tano, aliyeshindwa mara tatu anampa mwingine kiti.

"Banasema ziko tano," Muzee akasema. "Nimesikia ine."

Chumba kizima kilikuwa kinaniangalia. Nikarudi juu, nikaisoma, mkono ukiingia tundu, umecheza.

Alifikiri kidogo, kidole chake kikizunguka ukingoni mwa tundu chini ya kitenge.

"Sheria yenyewe si mubaya," akasema. "Ila ungeniuliza."

"Nilikosa, muzee," nikamwambia, mbele ya wote. "Sikukuuliza."

Akaitikia kwa kichwa, akaanza kupanga mbegu upya, nne nne, haraka, bila kuhesabu. Mwalimu akasimama kumpa mwingine kiti, kama sheria ya tano inavyosema.

"Unaenda wapi?" Muzee Bahati akamuuliza. "Kaa. Na mutoe hii kitambaa, inaniletea joto. Mimi nitagusa, weye utaangalia. Unakubali?"

"Nakubali," akasema Mwalimu, akakaa.